Mtungi wa Homa Bay

“Na nakwambia tena, Mama Idil, mimi sipiti chini ya kwapa la Marekani kwenda kuteka maji ninayolipia bili.”

Nyasuguta alikuwa katikati ya ua wa ploti, ndoo tupu mkononi, leso imekazwa kiunoni kama mtu aliyekuja kwa mieleka. Mbele yake, kutoka nguzo ya kamba ya nguo mpaka dirisha la Habon, lilitandazwa bango pana kuliko shuka ya kitanda cha maharusi. Kwenye bango alikuwamo Idil, binti wa Habon, koti jeupe na hijabu ya samawati, anacheka, mkono ameuegemeza kwenye tangi linalong'aa, lenye mabomba yaliyopindana kama matumbo ya ng'ombe. Pembeni bendera. Chini, kwa herufi nyekundu za Ombui wa studio, paliandikwa kwamba binti wa Migori anaelekea mwezini.

Habon hakugeuka. Alikuwa juu ya kigoda, anakaza fundo la mwisho.

“Si lazima upite,” akasema. “Zunguka nyuma ya choo. Hata Wachina walizunguka nyuma ya mwezi, na sikusikia mtu akilia.”

Wapangaji waliangua kicheko. Walikuwa wametoka wote; wa chapati aliacha chapati iungue, na Mirumbe, yule Mkuria wa bodaboda wa chumba cha pembeni, alizima pikipiki ili asipitwe na neno. Kila mtu pale alijua Wachina wanaingiaje katika maji ya mfereji wa Migori. Angwenyi, kifungua mimba wa Nyasuguta, alikuwa mhandisi Uchina, kwenye karakana ya injini za roketi. Idil alikuwa mhandisi Marekani, kwenye kampuni inayotengeneza chombo cha kutua mwezini. Nchi hizo mbili zilikuwa zinakimbizana huko juu, nani afike kwanza, nani asimike bendera wapi, na mama zao wakawa wanakimbizana huku chini, baina ya mfereji na kamba ya nguo.

Nyasuguta akatua ndoo. Akasema kwamba waliozunguka nyuma walirudi na udongo, na wenzao tangu enzi za babu wamerudi na nini ila hadithi. Akasema tena kwamba yule mtoto haendi mwezini popote, anafunga mabomba.

“Afadhali anayefunga mabomba tukamuona,” Habon akajibu, sasa amegeuka. “Wako je? Tangu mwaka jana hujatuonyesha hata picha ya kidole chake. Ama wamemuweka chini ya zulia?”

Hapo palimchoma. Maana ilikuwa kweli. Angwenyi alikuwa amekoma kutuma picha. Simu alikuwa anapiga, lakini ya sauti tu. Mara kamera imeharibika, mara mtandao, mara huko ni giza. Nyasuguta aliyemeza hayo peke yake kwa miezi hakutaka kuyatapika mbele ya Mirumbe na wa chapati. Akatafuta jiwe la kurusha, akaokota lililokuwa karibu.

“Picha si kitu,” akasema. “Hata maiti hupigwa picha, na akapendeza.”

Hata aliyesema alilisikia neno lile likianguka. Habon alishuka kwenye kigoda taratibu, akakichukua, akaingia ndani na kufunga mlango, bila kuupiga. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mtu aliyefunga hajibu kila kitu.

Kabla ya mwezi wa angani kuwaingilia, wanawake hawa wawili walikuwa kama jiko na sufuria. Habon alikuja kutoka Garissa akimfuata mume aliyekuwa ananunua dhahabu kwa wachimbaji wa Macalder. Mume alipofariki, akafungua duka la mapazia mjini na akakaa. Nyasuguta alishuka na ndizi zake kutoka milima ya Kisii. Wote wawili wageni wa Migori, mmoja msikitini, mmoja kanisa la Sabato, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakakutana kwenye Kiswahili cha soko, kile ambacho ngeli zake kila mtu huzivaa anavyotaka. Walikivaa mpaka kikawakaa. Hakuna ndoa iliyovunjika baina ya Rongo na mpaka wa Tanzania ambayo hawakuitandika na kuikunja pamoja.

Watoto wao walikua humo humo. Nyasuguta alipokwenda sokoni, Angwenyi alibaki kwa Habon. Ijumaa Nyasuguta alipika mapema, kwa sababu jua likizama Sabato imeingia na moto hauwashwi kwake. Makaa yaliyobaki Idil alikuja kuyachukua kwa ajili ya sambusa za nyumbani kwao, na kila mara alikwangua ukoko wa sufuria kabla ya kuondoka. Wakaenda shule moja ya bweni Homa Bay, wakashinda pamoja, wakalilia pamoja basi la kurudi likizo. Kisha mmoja akapata ufadhili wa Wachina, mmoja akachukuliwa na shangazi yake Minnesota, na mama zao wakaanza kuhesabiana roketi.

Basi siku ile ya bango Nyasuguta aliingia ndani, na badala ya kutubu neno lake, alitoa simu, akapiga picha bango lile kupitia dirishani, akamtumia mwanawe. Akamwambia majirani wanamtukana, naye alete picha yake akiwa na tangi, na liwe kubwa kuliko hilo.

Angwenyi hakujibu siku hiyo.

Alijibu kesho yake, Ijumaa, alasiri, wakati Nyasuguta anaharakisha maharagwe na ndizi za Sabato. Simu iliita kwa namba asiyoijua, na ilikuwa ya video. Uso wa mwanawe ukatokea, umekonda, nyuma yake ukuta mtupu.

“Mama, funga mlango,” akasema kwa Kikisii.

Akafunga. Angwenyi hakumsalimia. Alitaka kujua picha ile imepigwa lini, na kama Idil bado anafanya kazi kwenye tangi lile. Nyasuguta akaanza kumweleza habari za kwapa na mfereji, mwanawe akamkatiza. Akamuuliza tangi linawashwa lini.

“Si ni leo hii,” mama akasema. “Mama yake ametangaza mpaka kwa wauza omena. Sisi tukiwa tunangoja jua lizame, kule kwao ni asubuhi, wanajaza mafuta, kisha wanawasha.”

Angwenyi alifumba macho. Kisha akaweka simu mahali, akarudi nyuma, akapandisha mkono wa shati la kushoto.

Kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko, ngozi ilikuwa imekunjamana na inang'aa, kama nailoni iliyopitiwa na pasi. Nyasuguta alishika ukingo wa meza. Maharagwe yalifurika jikoni, hakuna aliyeyatazama.

Angwenyi alimweleza upesi, kama mtu anayesikia hatua koridoni. Kwenye picha ya Idil, pale juu ya bega lake, kuna kiungo cha bomba. Wao huko Uchina walikuwa nacho, kile kile. Ndani yake mna pete ya kuzibia, kama raba ya mtungi wa gesi. Mafuta ya roketi ni ya baridi isiyosemeka. Pete hukauka, hupata ufa usioonekana, na wakati wa kujaza, mafuta hutoroka kimya. Anayekagua bomba ndiye anayekuwa karibu moto ukilipuka. Kwao waliokuwa karibu walikuwa watatu. Yeye peke yake alitoka, mkono tu umeungua. Halikutangazwa redioni wala popote. Walikusanywa, wakaambiwa halikutokea.

“Sasa wenzenu wamekipata wapi kiungo chenu?” mama akauliza.

“Sijui nani alimwiga nani. Michoro tunaibiana, mama. Makosa ndiyo tunafichana.”

Mama akamwambia basi ampigie mtoto wa watu amwambie. Angwenyi akatikisa kichwa. Simu zake zinasikilizwa. Hata hii ameazima kwa Mghana mmoja. Alitia sahihi kwamba hatasema neno kwa mtu wa upande ule, na Idil naye alitia ya kwao. Akimtumia hata herufi, yeye atafungwa, na Idil ataitwa jasusi.

“Kwa hivyo?”

“Kwa hivyo nimekuambia wewe,” Angwenyi akasema, na simu ikakatika.

Nyasuguta alikaa kitandani. Nje alisikia Habon akimfokea muuza maziwa, sauti ile ile ya kila siku. Neno la jana lilirudi likamkalia mbele: hata maiti hupigwa picha. Alilisema yeye, kwa mdomo wake, mbele ya watu, na mtoto aliyelengwa nalo sasa hivi alikuwa anavaa koti lake jeupe.

Lakini kumwambia Habon. Habon alikuwa na mdomo unaoweza kutangaza kifo mgonjwa akiwa bado anakohoa. Aambiwe kwamba Wachina wameungua na wameficha, na aliyetoboa ni Angwenyi wa Nyasuguta. Kufikia sala ya isha lingekuwa limefika Kehancha. Na Nyasuguta, kwa haki ya Mungu, hakuweza kumlaumu. Yeye mwenyewe hakuwa bubu. Mtoto wa kumuokoa alikuwa wa mwenzake. Wa kumtia kitanzi alikuwa wake. Alijaribu kusali, sala ikawa inakwenda na kurudi mahali pamoja. Alitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshapita mabati ya stoo.

Alitoka, akapita chini ya bango bila hata kuinama, akagonga.

Habon alifungua kidogo, upana wa uso. Alikuwa na unga mikononi.

“Leo nimefunga, sina nguvu ya matusi,” akasema. “Kuja kesho.”

“Niruhusu niingie.”

“Sema hapo hapo.”

“Haisemeki hapo, Mama Idil. Ni ya mtoto.”

Mlango ulifunguka. Nyasuguta akaufunga nyuma yake, akafunga na dirisha, na Habon akamtazama akifanya hivyo. Kisha akamwambia yote, kwa sauti ya chini, amesimama: kiungo, raba, baridi, ufa. Alijikuta anaeleza vibaya, akarudia. Alimwambia ampigie Idil sasa hivi asiliguse lile tangi.

Habon alifuta mikono kwenye dera lake, kidole kimoja kimoja.

“Wamekutuma,” akasema.

“Nani?”

“Hao wa mwanao. Wanataka sisi tusimame, wao watangulie.”

“Mimi? Wachina wanijue mimi wa ndizi?”

“Wanamjua mwanao. Jana umenitajia maiti. Leo unaniletea onyo. Idil amengoja hii siku miaka, aniamini mimi, aiharibu, afukuzwe, halafu nyinyi muende huko juu mkacheke. Hapana. Hii maneno yenu peleka kwenu.”

Siku nyingine Nyasuguta angecheka. Lakini neno lilimwingia pabaya, kwa sababu hata yeye aliona linaweza kuwa hivyo. Vipi kama kuna mtu alisimama nyuma ya ule ukuta mtupu na kumwambia Angwenyi cha kusema? Alijilazimisha kulitazama hilo mpaka mwisho. Kisha akakumbuka ile ngozi. Hakuna mtu anayemshonea mwenzake ngozi kama ile ili acheleweshe roketi.

“Nimeuona mkono wake,” akasema.

“Mkono gani?”

“Umeungua wote. Ndiyo sababu hakuna picha. Mwaka mzima mwanangu analala hospitali ya watu na mimi niko kwa mfereji najivuna.” Alikuwa hajawahi kulisema kwa sauti. “Walikuwa watatu, Mama Idil. Wawili hawakutoka.”

Habon akamsogelea.

“Mkono upi?”

“Wa kushoto. Ule alivunja kwa mpera wako.”

Habon ndiye aliyembeba siku ile, mtoto analia, mfupa umetokeza, akakimbia naye mpaka hospitali bila viatu kwa sababu Nyasuguta alikuwa sokoni. Alikaa kwenye mkeka kama aliyesukumwa.

“Ule mkono,” akasema. “Ule mkono mimi niliushika.”

Akanyoosha mkono akachukua simu. Nyasuguta akamshika kabla hajabonyeza. Huwezi kusema hivi hivi, akamwambia. Na simu ya Idil nayo ina masikio. Ukisema roketi, ukisema Angwenyi, ukisema Uchina, umewaua wawili kwa risasi moja. Lazima iwe kitu ambacho mama yeyote anaweza kumwambia mtoto wake.

Kama kuna kazi ambayo wanawake hao walikuwa na shahada yake, ni kuisimamisha habari ikasimama. Waliinama vichwa pamoja, jua likiteremka, wakatunga. Kuna mama mmoja Homa Bay. Karibu na soko la samaki. Anaitwa Mama Achieng, Habon akasema, mume wake ana mwanamke mwingine Rongo. Nyasuguta akamwambia waache mume, hakuna wakati wa mume. Habon akakubali kwa shingo upande. Mama Achieng ana mtungi wa gesi. Raba yake ilikauka kwa baridi, ikapata ufa, gesi ikatoroka kimya. Akasogea kuangalia, ikamlipukia.

“Na utasema kwa Kiswahili,” Nyasuguta akasema.

“Mtoto wangu naongea naye Kisomali.”

“Kisomali sikisikii. Sema Kiswahili, nisikie kila kitu. Huyo ni mwanangu umemshika kwa ulimi.”

Walitazamana. Habon angeweza kukasirika. Aliitikia kwa kichwa tu, akaweka simu kwenye sauti ya nje, akapiga.

Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika. Akapiga tena na tena, midomo yake inakwenda na dua, na kila ilipokatika mmoja wao alikuwa anasema labda yuko njiani, labda wameacha simu kabatini. Dirishani mwanga ulikuwa unageuka wa machungwa. Nyasuguta alijua kwamba nyumbani kwake maharagwe yameshikana na sufuria, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu abatizwe Sabato itamkuta nje ya mlango wake.

Adhana ya magharibi ilipanda kutoka msikitini. Tende zilikuwa kwenye kisahani, maji kwenye glasi. Habon hakuzigusa.

“Fungua, Mama Idil. Kunywa hata maji.”

“Haitapita kooni.”

Simu ikaita yenyewe. Idil. Sauti yake ilikuja kwa Kisomali, ya haraka, ya uchangamfu, nyuma yake mlio wa mashine. Nyasuguta hakuelewa ila neno hooyo, mama. Habon akavuta pumzi.

“Idil, nimepata habari mbaya ya Homa Bay,” akasema kwa Kiswahili.

Upande wa pili uchangamfu ulipungua. Habon hakuwa anamsemesha mwanawe Kiswahili ila akiwa amekasirika au kuna mgeni.

“Homa Bay nani, hooyo? Nimetoka dakika moja tu. Tuko katikati ya kazi.”

Habon akamweleza habari ya Mama Achieng, soko la samaki, mtungi. Alisema vizuri, bila haraka, kama alivyokuwa akisema kwenye mkeka huo huo miaka yote. Raba ilikauka kwa sababu ya baridi, akasema. Ikapasuka pale kwa kiungo.

“Baridi?” Idil akauliza. “Homa Bay?”

“Baridi kali.”

“Hooyo. Homa Bay tulikuwa tunalala madirisha wazi.”

“Mwaka huu kuna baridi,” Habon akasema, na sauti yake ikakatika kidogo mwishoni. “Ufa hauonekani kwa macho. Gesi inatoka tu kimya. Yeye akasogea kuangalia bomba.”

Mashine zilisikika. Mtu mbali alikuwa anaita majina kwa Kiingereza.

“Nani amekuambia?” Idil akauliza, polepole sana.

Midomo ya Habon ilifunguka. Nyasuguta aliliona jina la mwanawe limekaa pale juu ya ulimi, tayari, kama mate. Akamkamata kifundo cha mkono.

“Watu wa soko,” Habon akasema. “Si unajua soko.”

“Na huyo mama... namjua?”

“Mmekula sahani moja.”

Kucha za Nyasuguta ziliingia kwenye ngozi ya jirani yake. Kule ng'ambo yule mtu aliita jina tena, na mara hii lilikuwa la Idil.

“Yuko hai?” Idil akauliza.

“Yuko hai. Mkono ndiyo umeungua. Unapona.”

“Mwambie pole,” Idil akasema. “Mwambie pole sana.” Na simu ikanyamaza.

Hakuna aliyemwambia mwenzake kama mtoto ameelewa au hakuelewa. Walitoka wakakaa kizingitini kwa sababu ndani hewa ilikuwa imekwisha, simu imelala baina yao juu ya leso. Giza lilikuwa linaingia. Taa ya Nyasuguta pekee ndiyo haikuwaka katika ploti nzima, na Mirumbe, akirudi na mteja wa mwisho, alipunguza mwendo. Aliwaona wawili wamekaa pamoja. Akasogea, meno nje, akauliza kama Marekani na Uchina wamepatana, aende akawaambie watu.

Kesho ploti ingeuliza wamepatana kwa ajili ya nini, na swali hilo lingetafuta jibu mpaka lilipate.

“Tupatane na nani?” Habon akadaka, kwa sauti ya kufika barabarani. “Huyu amekuja kuniambia nitoe bango. Nimemwambia litakaa hapo mpaka kiama.”

“Na mimi nitalikata na kisu cha ndizi,” Nyasuguta akasema, kwa sauti kubwa hata zaidi.

“Jaribu.”

“Ngoja kesho jua lizame, uone.”

Mirumbe alicheka, akaridhika, akaenda kupeleka habari. Chini ya leso, mahali ambapo macho yake hayakufika, mkono wa Habon ulikuwa umeshika wa Nyasuguta na kuukaza mpaka vidole vikafa ganzi.

Walikaa hivyo. Watu walifuturu, vyombo vikaoshwa, redio ya wa chapati ikasoma habari na hakuna habari ya moto. Hiyo haikuwa faraja. Moto wa Angwenyi nao haukuwa habari. Mara moja Habon alisema, bila kumtazama, kwamba Idil akifa leo, hatamwambia mtu kwamba Nyasuguta alimwonya. Nyasuguta akasema neno la jana halikuwa la kwake, lilikuwa la hasira. Habon akasema lilikuwa la kwake, lakini amelisikia.

Simu iliwaka.

Habon hakuweza kuisoma. Herufi zilikuwa zinamkimbia. Akampa mwenzake. Idil alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kama mtu anayemjibu mama yake habari za jikoni: ameangalia mtungi wake wa nyumbani. Amewaambia anaoishi nao waufungue. Raba ina ufa, mwembamba kama unywele. Hawajawasha. Watanunua nyingine, hata kama itawachelewesha.

Nyasuguta alisoma mara ya pili, kwa sauti ya pumzi tu, na mara ya tatu. Habon alijifunika uso kwa shela na mabega yake yakaanza kwenda. Hakutoa mlio. Kisha akajifuta, akachukua simu, akaufuta ule ujumbe kwa kidole kinachojikwaa.

Ndipo walipoona ukubwa wa kitu walichokuwa nacho. Habari kama hiyo haikuwahi kupita Migori, na haitapita. Wanawake wawili wa mapazia na ndizi wamezisogeza nchi mbili kubwa usiku mmoja, na hakuna wa kuambiwa. Si Ombui, si wa chapati, si dada zao, si hata Angwenyi, ila siku atakayopiga kwa simu ya kuazima, aambiwe tu kwamba Mama Achieng hajambo. Itawabidi wafe nayo. Nyasuguta alifikiri huenda itawaua.

“Sasa watatangulia Wachina,” Habon akasema.

“Watangulie wapi. Nao wana mitungi yao.”

Alisimama, akakung'uta leso. Kulikuwa na sala ya kufungua Sabato ambayo hakuisali, na sufuria ya maharagwe ambayo angeikuta makaa matupu. Alianza kuvuka ua. Mlango wa Mirumbe ulikuwa wazi kidogo, na Habon akauona, kwa hiyo alichosema alikisema kwa sauti ya chini kabisa, mgongo amempa mtazamaji, kama mtu anayetukana kwa meno.

“Mama Angwenyi. Kwako hakuna moto, na mimi sijafungua. Ni nyama ya mbuzi, si ngamia, najua kanisa lenu linakataa. Na maziwa yako nitayaweka bila majani ya chai, hayo nayo mnakataa. Pita mlango wa nyuma, uingie tule.”